Gari la pili, punguzo moja: tathmini ya bima kubwa kwa mwenye magari mawili Dar es Salaam

Punguzo la kutodai (unafuu wa ada kwa miaka ambayo hukudai bima) ulilolichuma kwenye gari la kwanza halizai pacha. Ukinunua gari la pili ukaenda kulikatia bima kubwa, ile inayolipa hata hasara ya gari lako mwenyewe, linaanza sifuri, hata kama la kwanza lina miaka mitano halijadai hata senti. Wengi hulijua hilo wakiwa tayari wamesimama kaunta na kadi ya gari mkononi. Swali la kuuliza basi ni hili: punguzo linaweza kuhamishwa? Linaokoa shilingi ngapi? Na nani jijini anaifanya kazi hiyo bila kumzungusha mteja?

Kwa kifupi, linahamishika. Linaokoa fedha ya maana pale gari la pili linapokuwa na thamani kubwa kuliko la kwanza. Kati ya milango yote ya kukatia bima Dar, dalali wa bima aliyesajiliwa ndiye anayelihangaikia vizuri zaidi, na benki ndiyo inayolisahau mara nyingi zaidi.

Kifungu kinachoamua

Omba mkataba wenyewe, siyo stika inayokuja kwenye simu. Wateja wengi hukata bima miaka kumi bila kuuona. Ndani yake tafuta sehemu ya punguzo la kutodai, ile ambayo makarani huifupisha NCD (No Claim Discount). Mikataba mingi ya magari binafsi bado imebeba maneno ya kale tuliyoyarithi kwa Waingereza, na humo hukosi sentensi inayosema kwamba magari yakiwa zaidi ya moja kwenye jedwali la mkataba, punguzo litahesabiwa kana kwamba kila gari lina mkataba wake peke yake.

Sentensi hiyo inakata pande mbili. Upande mmoja unauma: ngazi ya gari moja, yaani asilimia ya punguzo uliyofikia, haivuki yenyewe kwenda jingine bila kuombwa. Upande wa pili unakulinda, ila hakuna anayekwambia: ukidai kwa ajili ya gari moja, ngazi ya jingine haiguswi. Noah ikigongwa, IST inabaki na punguzo lake. Karani akisema dai moja limefuta punguzo la magari yote mawili, mwombe akuonyeshe kifungu kinachosema hivyo. Kama hakipo kwenye mkataba wako, amekosea.

Punguzo ni la mtu, siyo la chuma. Ukiuza gari, mnunuzi harithi miaka yako, unaondoka nayo mwenyewe. Lakini mtu anayetambulika ni yule ambaye jina lake limo kwenye bima na kwenye kadi ya gari. Hapa ndipo maombi mengi hufia. Gari la pili limeandikwa jina la mke, punguzo liko kwa jina la mume. Au limeandikwa jina la kampuni ya familia, na punguzo ni la mtu binafsi. Au limenunuliwa kwa mtu na uhamisho wa umiliki TRA haujakamilika, kadi bado inasoma jina la muuzaji. Katika hali zote tatu kampuni ina haki ya kukataa, na kwa hilo la tatu tatizo ni kubwa kuliko punguzo: siku ya kudai utaulizwa una maslahi gani kwenye gari la mtu mwingine. Maliza kadi kwanza, bima ifuate.

Matumizi nayo yahesabiwe. Miaka iliyochumwa kwenye gari binafsi haibebwi kwenda kwenye gari la biashara. Kama gari la pili linaingia kwenye teksi za mtandaoni, lisemwe hivyo kwenye fomu na lilipiwe hivyo. Kulikata kama gari binafsi ili lipate punguzo ni kununua karatasi tu, maana abiria mmoja wa kulipa akiwa ndani siku ya ajali, dai limeisha.

Na bima ndogo, ile inayolipa hasara za wengine tu, haijengi chochote. Kwa gari binafsi ada yake inajulikana, 118,000 pamoja na VAT, na kwa kawaida hakuna ngazi juu yake. Aliyekaa miaka sita kwenye bima ndogo akaja kukata bima kubwa kwa gari jipya anaanza mwanzo kabisa, kama aliyenunua gari jana.

Hesabu

Tuchukue magari mawili ya kawaida ya Dar: IST ya milioni 12 na Harrier ya milioni 45. Tuseme kampuni inatoza asilimia 4 ya thamani kwa bima kubwa, na mwenye magari ana ngazi ya asilimia 30 aliyoichuma kwenye IST. Viwango hivi ni vya mfano, ila hesabu ndiyo hiyo hiyo ukiweka vyako.

IST bila punguzo ni 480,000, na punguzo lake ni 144,000. Harrier bila punguzo ni 1,800,000, na asilimia 30 ya hiyo ni 540,000. Ukiliacha punguzo kwenye IST, magari yote mawili yatakugharimu 2,136,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 unafika 2,520,480. Ukilihamishia kwenye Harrier, ada inashuka hadi 1,740,000, na pamoja na VAT ni 2,053,200. Tofauti ni 467,280 kwa mwaka, kwa barua moja ya ukurasa mmoja.

Kama magari yamekaribiana thamani, kwa mfano milioni 14 na milioni 17, faida yake ni ndogo mno kufuatilia. Asilimia 30 ya asilimia 4 ya ile tofauti ya milioni 3 ni 36,000. Foleni ya kwenda Posta mara mbili imeshaila.

Kuna mtego mwingine kwenye hesabu hii, na ndio unaotuudhi zaidi. Kwa gari binafsi, kiwango kinachozoeleka sokoni kwa bima kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani. Baadhi ya wauzaji huanza juu ndipo wakate. Anakuandikia asilimia 4.5, anakupa punguzo la asilimia 20, unaondoka umefurahi na asilimia 3.6. Jirani yake angekupa 3.5 bila kukutajia punguzo lolote. Kwa ile Harrier ya milioni 45, huyo wa punguzo ni 1,620,000 na huyo asiye na punguzo ni 1,575,000. Umelipa 45,000 zaidi, kabla ya VAT, kwa ajili ya neno tamu. Kwa hiyo usiulize "mnatoa punguzo asilimia ngapi?" Uliza mambo matatu na yaandikwe: kiwango kabla ya punguzo, punguzo lenyewe, na ada ya mwisho pamoja na VAT.

Kuhamisha, hatua kwa hatua

Wakati mzuri ni siku ambayo bima ya gari la kwanza inaisha. Wiki tatu au nne kabla, andika barua kwa kampuni, siyo kwa wakala tu, ukitaja namba za usajili za magari yote mawili, namba za mikataba, ngazi uliyonayo, na sentensi moja iliyo wazi kwamba unaomba ngazi hiyo ihamishiwe gari la pili kuanzia tarehe fulani na unafahamu gari la kwanza litaanza sifuri. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayomwondolea mtathmini wa kampuni wasiwasi kwamba unataka kula huku na huku.

Mara nyingi lakini tarehe hazilingani. Gari la pili limetoka bandarini Aprili na bima ya la kwanza inaisha Septemba. Kusubiri maana yake ni kulipa Harrier ada kamili mwaka mzima. Njia ambayo wengi hawaijui ni kuomba nyongeza ya mkataba katikati ya mwaka: unarudisha sehemu ya punguzo la IST iliyobaki, na ngazi inahamia Harrier tangu siku ya kwanza. Kwa miezi mitano iliyobaki, 144,000 mara 5 gawa kwa 12 ni 60,000, na VAT inakuwa 70,800. Unalipa hiyo, unaokoa 637,200 kwenye Harrier. Kampuni hailazimiki kukubali, na ikiwa magari yako kwa kampuni mbili tofauti itakuwa ngumu zaidi, ila ombi hili likiandikwa vizuri lina nguvu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kampuni inapata gari la pili.

Wengine hushauriwa wakate Harrier kwa miezi mitano tu ili magari yote yaishe tarehe moja. Hapa tuna mashaka. Bima ya muda mfupi aghalabu hutozwa kwa jedwali lake, ambalo ni ghali kuliko kugawa ada ya mwaka kwa miezi. Na miezi mitano haihesabiki kama mwaka wa kutodai, ngazi hupandwa kwa miezi 12 kamili. Kulinganisha tarehe kuna faida ikiwa tu umeahidiwa, kwa maandishi, punguzo la kuwa na magari mawili kwa kampuni moja.

Ndiyo, punguzo hilo lipo na ni kitu kingine kabisa. Kampuni inaweza kukupa unafuu kwa kuleta gari la pili, au hata kulipatia gari la pili ngazi ya kuanzia kwa hisani kwa sababu inakufahamu. Uingereza baadhi ya kampuni hufanya hivyo waziwazi: ngazi ya gari la kwanza inaakisiwa kwenye la pili. Hapa ni suala la mazungumzo. Lidai kama hisani, usilidai kama haki, na uhakikishe imeandikwa kama ni la mwaka wa kwanza tu au litaendelea, maana hisani isiyoandikwa huyeyuka siku ya kuhuisha.

Barua ya kampuni ya zamani

Ukihamia kampuni nyingine, ushahidi ni barua ya uthibitisho wa kutodai. Iwe kwenye karatasi yenye nembo, na sahihi na muhuri. Iseme jina lako kama lilivyo kwenye kadi, namba ya gari, namba ya mkataba, tarehe ya kuanza na kuisha kwa kila mwaka, ngazi uliyofikia, na kwamba hakuna dai lililolipwa wala linalosubiri. Maneno "wala linalosubiri" ndiyo yanayosahaulika, na ndiyo ambayo kampuni mpya huyatafuta kwanza. Notisi ya kuhuisha yenye kuonyesha punguzo husaidia, ila ni msaidizi tu.

Usitegemee mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa jambo hili. Ukiingia tiramis.tira.go.tz ukaweka namba ya gari utathibitisha kwamba stika ni halali na bima iko hai, na kila mtu anapaswa kufanya hivyo kabla hajaondoka kaunta. Punguzo lakini ni suala la makaratasi kati yako na kampuni. Aliyerudi kutoka nje na barua ya huko aiwasilishe bila haya, hasa kama haijapita miaka miwili tangu bima hiyo iishe, lakini uamuzi wa kuipokea ni wa kampuni.

Onyo hili lisomwe mara mbili. Kupeleka barua moja kwa kampuni mbili, kila moja ikiamini punguzo halitumiki kwingine, ni tamko la uongo kwenye fomu ya maombi. Mkataba wa bima umejengwa juu ya kusema kweli yote. Kampuni ikigundua, na hugundua siku ya dai kubwa kwa sababu ndiyo siku mafaili yanafunguliwa, inaweza kuuvunja mkataba wote. Umeokoa laki sita, umepoteza gari.

Kinachoangusha ngazi

Neno lenyewe linasema: ni punguzo la kutodai, siyo punguzo la kutokosea. Daladala ikikugonga kwa nyuma Ubungo na kampuni yako ikakutengenezea gari, ngazi yako inasimamishwa mpaka kampuni irejeshewe fedha na bima ya yule aliyekugonga. Isiporejeshewa, ngazi inaanguka ingawa hukuwa na kosa. Ukiweza, peleka dai lako moja kwa moja kwa bima ya aliyekosa. Ni polepole, lakini ngazi yako inabaki.

Kuanguka kwenyewe hutofautiana. Mikataba mingine hufuta kila kitu kwa dai moja, mingine hukushusha ngazi mbili. Kioo cha mbele mara nyingi kina kikomo chake na hakigusi punguzo, lakini soma.

Halafu kuna vioo vya pembeni, ugonjwa wa Dar. Vinang'olewa gari likiwa kwenye foleni au limeegeshwa nje ya geti. Kudai vioo viwili kwenye bima ni kuuza ngazi nzima kwa bei ya spea. Vitafute Ilala au Gerezani, vichorwe namba ya gari, yaishe.

Rudi kwenye Harrier. Imekwanguliwa, fundi anasema 900,000, na ekses yako, yaani kile unachobeba mwenyewe, ni 300,000. Bima itakulipa 600,000. Ngazi ya asilimia 30 ina thamani ya 637,200 kwa mwaka ujao peke yake, na kuipanda upya ni miaka. Usidai. Toa taarifa kwa maandishi kwamba ni taarifa tu na hakuna dai, upate jibu kwamba imeandikwa hivyo. Lakini ajali ikiwa imemhusu mtu mwingine, hata kama mmeelewana barabarani, taarifa rasmi ni lazima na usikubali kosa kwa mdomo wala kwa karatasi. Anayelalamika shingo baada ya wiki mbili hatakumbuka mlivyoelewana.

Hili ndilo linalobadilisha hata ule ushauri wa kuhamisha. Kama gari la thamani ndiyo litakaloendeshwa na kijana aliyetoka kupata leseni, au linalala barabarani, ngazi uliyolihamishia iko hatarini zaidi. Tungeiacha kwenye IST mwaka mmoja, tuone.

Mtego mwingine wa gari la pili ni kulishusha thamani ili ada ipungue. Gari la milioni 40 likikatiwa bima ya milioni 30, mkataba wenye kifungu cha wastani utalipa robo tatu tu ya kila hasara. Hasara ya milioni 8 inakuwa milioni 6, kabla ya ekses. Ulichookoa ni asilimia 4 ya milioni 10, yaani 400,000. Kwa wanaoishi karibu na bonde la Msimbazi, au wanaopita Jangwani mvua za masika zikinyesha, hakikisha pia mafuriko yamo. Hakuna punguzo linalofidia injini iliyokunywa maji.

Milango minne

Kaunta ya kampuni ni nzuri kama gari la kwanza tayari liko hapo. Faili lako lipo na ngazi inaonekana. Udhaifu wake ni kwamba karani wa mbele anauza, haamui. Omba kuonana na idara inayotathmini bima, siyo ya mauzo.

Dalali wa bima kisheria anakuwakilisha wewe, na tofauti inaonekana. Anaweza kuomba bei kwa kampuni tatu kwa siku moja na anajua ipi inakubali kuhamisha katikati ya mwaka. Kamisheni yake inalipwa na kampuni. Kwa gari la milioni 30 kwenda juu, huyu ndiye tungempelekea. Kwa IST mbili, huenda asichangamke.

Wakala anaiwakilisha kampuni. Kwa bima ndogo hana mpinzani, stika inatoka ukiwa umesimama. Kwa punguzo la gari la pili, wengi hawaulizi swali hata moja, wanaingiza thamani na kutoa namba ya malipo. Stika ikishatoka, kurekebisha kunahitaji nyongeza ya mkataba, na hapo ndipo "njoo kesho" huanza.

Benki huja pale gari limenunuliwa kwa mkopo. Benki inataka bima kubwa yenye jina lake kama mwenye maslahi, na mara nyingi afisa mikopo anakukatia hapo hapo na kuiongeza kwenye marejesho. Ni rahisi, na ndiyo sababu ngazi yako husahaulika kwenye gari la kwanza. Toa barua ya punguzo kabla ya kusaini mkopo, kisha uliza kama unaruhusiwa kuleta bima kutoka kwingine mradi benki iandikwe.

Ukikataliwa kitu ambacho mkataba unakupa, anza na malalamiko ya maandishi kwa kampuni yenyewe. Isipojibu au jibu lisipokuridhisha, Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyotokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, inapokea malalamiko ya aina hii. Nenda na nakala ya mkataba, barua ya kuhamisha yenye muhuri wa kupokelewa, na risiti. Bila ule muhuri wa kupokelewa, kampuni itasema hukuwahi kuomba.